Bia Haitemwi

Jumatatu, 4 Machi

Mjomba Pilipili,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu umeikataa, na dereva wa lori letu amekubali kupitia kwako na barua hii pamoja na chupa moja ya bia yetu iitwayo Jeuri. Sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu. Kila tukikutana unaongea wewe, na ukimaliza inakuwa saa ya kuondoka.

Mimi ni mwonjaji. Chumba changu kiko nyuma ya matangi na hakina dirisha, kwa makusudi, ili harufu za nje zisiingie. Kuta nyeupe, meza nyeupe, sinki, taa. Sijipaki mafuta yenye harufu, sili kitunguu, sinywi kahawa mpaka nimalize kazi. Mpishi wa bia ananiletea glasi. Naitazama, nainusa, naionja, naimeza. Wanaoonja mvinyo hutema. Sisi hatutemi. Uchungu wa bia haukai kwenye ncha ya ulimi, unakaa kule nyuma kooni, na hauji mpaka umeze. Nilifundishwa hilo siku ya kwanza: bia haitemwi.

Jeuri ndiyo kali kuliko zote tunazopika. Rangi yake ya shaba, povu zito linalong'ang'ania glasi. Ukiinusa unapata ganda la chungwa lililomenywa sasa hivi, halafu majani mabichi yaliyokatwa, halafu kitu kama utomvu wa mti. Ukimeza unadhani ni tamu. Kisha uchungu unatokea nyuma kama mtu aliyekuwa amejibanza mlangoni, na akishaingia haondoki.

Ilizaliwa kwa kosa. Hopsi, yale maua makavu ya kijani yanayoipa bia uchungu na harufu, Mpishi wetu huyapima kwa pua: anamwaga, ananusa, anamwaga tena. Siku hiyo alikuwa na mafua. Pua imeziba kabisa, akamwaga na kumwaga mpaka akapata harufu, na hakuna aliyejua ni kiasi gani. Tulitaka kuimwaga mtaroni. Mimi nikaionja, nikacheka, nikasema hii ni jeuri. Tajiri, mwenye kiwanda, akaitia kwenye chupa kwa jina hilohilo na watu wakaigombania. Tangu hapo kila tangi linapikwa kwa kubahatisha, na mimi ndiye wa kusema bado, bado, hii ndiyo. Mpishi haikumbuki ile ya kwanza, maana aliionja na mafua yake. Ninaikumbuka mimi peke yangu. Ndiyo maana hapa hawaniiti jina langu. Wananiita Ulimi.

Mjomba, nataka kutoka kwenye chumba kile. Koo limechoka. Nimeomba nihamishiwe kwenye kufunga chupa, hata kuosha mapipa. Tajiri amenijibu kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha, kwamba nyumba tunayokaa mimi na mama hapa ndani ya uwanja wa kiwanda ni nyumba ya mwonjaji. Asiyeonja hakai. Na mama nyonga yake unaijua. Haiwezi mambo ya kuhamahama, na ameshauzoea mlango wake unaotazama uwanja. Nikijigeuza huku nagonga ukuta, nikijigeuza huku nagonga mama.

Onja hiyo chupa kwanza, uniambie kweli ulichokipata, nijue unaelewa ninachomeza. Halafu nishauri. Daktari alinipima wiki iliyopita, mambo madogo tu.

Mama usimwandikie. Najua hamsemezani, lakini hata mngekuwa mnasemezana.

Mpwa wako,
Ulimi


Jumanne, 12 Machi

Ulimi, mpwa wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa na hasira, na hasira yangu unaijua, ni ya mapenzi. Kuosha mapipa? Binti niliyemfundisha kusoma magazeti kabla hajajua kufunga viatu anaomba mapipa?

Hebu jitazame. Kiwanda kizima kinategemea kumeza kwako. Matangi, malori, Tajiri na tumbo lake, wote wamesimama foleni nyuma ya koo lako. Umewashika, halafu unawaomba ruhusa ya kuwaachia. Hii ndiyo tabia iliyotuua katika nchi hii: mtu akipewa mpini anauliza kama anaweza kubadilishiwa ashike makali. Kaa hapohapo. Weka kichwa kigumu. Dai dirisha, dai likizo, dai nyumba iandikwe jina la mama yako. Asiyeweza kufanya kazi bila wewe hana ubavu wa kukufukuza.

Chupa nimeipokea na nimeimaliza. Umetaka kweli, na mimi sina kingine cha kumpa mtu. Uchungu ule, mpwa wangu, ni uchungu wa mtu aliyekataa kunyamaza. Ulinikaa kooni mpaka kesho yake, nikaufurahia kama hoja nzuri. Watu wetu wanakunywa vitamu, wanasoma vitamu, wanachagua viongozi kwa maneno matamu, halafu wanashangaa meno yanaoza. Ninyi mmewapa kitu kichungu na wamekigombania. Hilo ni jambo la kuandikwa, na Jumapili nina nafasi yangu gazetini.

Mama yako simwandikii, usihofu. Yeye ndiye aliyefunga mlango, tangu ile makala yangu kuhusu ulevi wa babu yako. Niliandika ukweli. Kama ukweli ulimuudhi, mimi sikuutengeneza.

Simama imara.

Mjomba wako,
Pilipili


Jumatano, 20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Tafadhali usiandike. Nakuomba kama mtoto, sikuombi kama msomaji. Tajiri akiona sifa gazetini ndipo hataniachia kabisa. Chumba kile kibaya, lakini angalau hakuna anayeniona nikiwa ndani, na kuna sababu nataka nisionekane. Nitakueleza siku nyingine.

Halafu nijibu kitu kidogo. Ile chupa uliyokunywa ilikuwa na karatasi ya jina ubavuni, au ilikuwa tupu?

Mpwa wako,
Ulimi


Ijumaa, 22 Machi

Ulimi,

Nakuandikia kabla sijapata jibu lako, kwa kuwa dereva wenu yuko hapa chini anapiga honi na furaha yangu haiwezi kusubiri. Makala imetoka. Nimekukatia uione. Kichwa chake nimekichukua kwako: BIA HAITEMWI. Nimeeleza jinsi unavyomeza bila kutema, nikasema taifa linahitaji watu wa namna hiyo, wanaopokea uchungu mpaka kooni na hawakimbilii sinki. Watu wananisimamisha barabarani. Fundi viatu wa hapa chini, ambaye hajawahi kunisifu hata kwa salamu, amesema safari hii nimeandika.

Sasa Tajiri wako atakuheshimu, akipenda asipende.

Mjomba wako,
Pilipili


Jumanne, 9 Aprili

Mjomba,

Umefanya nini.

Tajiri alikuja na gazeti lako limekunjwa kwapani. Akaniita binti yangu. Siku ya pili wakaja mafundi, wakabomoa ukuta wa chumba changu upande wa mbele na kuweka kioo kutoka sakafuni hadi dari. Nje ya kioo wamepanga viti na kaunta. Jumamosi na Jumapili watu wanakaa na glasi zao kunitazama. Makala yako imebandikwa pale kaunta, imekuzwa. Kwa sababu uliwaambia siri iko kooni, wananitazama koo. Nikiinua glasi wanaanza taratibu, meza, meza, meza, na nikimeza wanapiga makofi. Juzi kuna mzee alimwinua mjukuu wake aone vizuri.

Sasa nikwambie nilichokuficha. Yale mambo madogo ya daktari ni ini. Limevimba. Aliniambia nisimeze pombe tena, hata tone. Nikamuuliza, na kuonja je? Akauliza kuonja ni kufanya nini. Nikamweleza siku yangu ya kazi, glasi hadi glasi. Akaweka kalamu chini.

Tangu siku ile, kwenye chumba kisicho na dirisha, nilikuwa natema. Nusu naonja, nusu nakumbuka, na Jeuri ilikuwa inatoka sawa au karibu na sawa. Nikitoka naosha sinki kwa sabuni, narudi nyumbani nacheka ili mama asione kitu. Ndiyo kinga niliyokuwa nayo, Mjomba, ile sinki. Nilikuwa nimejipa muda wa kufikiri. Wewe ukawaambia watu wote waje wahakikishe siikimbilii sinki, na Tajiri akaiondoa kwa kuwa inaharibu mandhari.

Na chupa yako. Dereva amekiri kwamba aliichukua kwenye kreti la karibu na mlango, lile lisilo na karatasi za majina. Hilo lilikuwa kreti la bia mbovu. Ni tangi ambalo Mpishi alisahau kutia hopsi kabisa. Ni tamu, Mjomba, tamu ya kuchukiza, kama maji yaliyolowekwa mkate. Haina uchungu hata wa kusingizia. Sasa ule uchungu uliokukaa kooni mpaka kesho yake uliutoa wapi?

Sijui kama nimekasirika au nimeishiwa nguvu. Jioni miguu inavimba. Maji yamenifika shingoni, na watu wamekata tiketi kuona.

Mama bado hajui. Anadhani kioo ni cheo.

Ulimi


Jumatatu, 15 Aprili

Mpwa wangu,

Sikuionja. Sijaonja bia maishani mwangu, na sababu unaijua, ililala kwenye kochi la sebuleni kwetu kila jioni ikiwa na viatu vyake miguuni. Chupa nilimpa fundi viatu. Yeye alisema ni nzuri, kwa kuwa ilikuwa ya bure. Mengine niliyatoa kichwani, na kichwa changu, kama unavyosema wewe na mama yako, hakijawahi kupungukiwa.

Usinisamehe haraka. Kwanza nikwambie nilichofanya.

Nimekwenda kwa mhariri na makala ya pili. Nimeandika kwamba mwandishi wa ile ya kwanza ni mwongo, kwamba nyuma ya kioo kile kuna mgonjwa, na kwamba kila anayepiga makofi anamsukuma. Mhariri aliisoma akanirudishia, akafungua gazeti ukurasa wa mwisho. Tangazo la Jeuri, ukurasa mzima, na maneno yangu chini yake. Linatoka kila wiki. Akaniambia, kaka, hii huwezi kuigusa sasa. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba magazeti yananunuliwa. Sikujua kwamba siku moja bidhaa itakuwa sentensi yangu.

Nimejaribu magazeti mengine. Wanasema nina wivu.

Kwa hiyo nakupa ushauri ambao sijawahi kumpa mtu. Danganya. Pitisha tangi lolote, bovu kuliko yote, sema hii ndiyo. Wakilinywa na kulilalamikia, Tajiri ataona Ulimi hana ulimi tena, atakutoa mwenyewe kwenye hicho kioo. Ukitoka, njoo kwangu. Chumba ni kimoja lakini kina kona. Mama yako tutamtafutia sehemu.

Mjomba wako


Jumatatu, 29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimedanganya.

Mpishi alileta glasi kutoka tangi ambalo hata yeye alikuwa ameshalikatia tamaa. Hopsi zilikuwa kuukuu, zimekaa karibu na boila mpaka zikanuka soksi. Ilikuwa Jumamosi, viti vimejaa. Nikanusa, nikajikaza uso usikunjamane, nikameza, nikasema hii ndiyo. Makofi. Likatiwa kwenye chupa. Nikakaa kusubiri malalamiko kama mtu anayesubiri basi.

Halikuja hata moja. Wamelinywa lote. Kuna bwana mmoja aliyekuja na kijitabu chake cha kuandikia ladha, akasema safari hii Jeuri imekomaa.

Mpishi ndiye aliyejua. Alikaa na glasi yake nyuma ya matangi, ananusa, anaiweka chini, ananusa tena, na safari hii hana mafua.

Nikaenda kwa Tajiri nikamwambia waziwazi. Nimepitisha tangi bovu, ulimi wangu umekufa, nitoe. Unajua alichofanya? Alicheka mpaka akashika meza. Akasema, "Ulimi, binti yangu, wewe unadhani watu wanakuja kunywa? Wanakuja kukuona ukinywa. Ulimi ukifa, koo si lipo?" Kisha akaniuliza mama hajambo, na kama nyumba haivuji.

Basi sasa hata kazi sina. Zamani nilikuwa nimefungwa kwa kitu ninachokijua mimi peke yangu, na ndani ya kufungwa kule kulikuwa na heshima kidogo. Sasa nimefungwa kama ndege wa maonyesho. Nilijaribu kutia chai kwenye glasi, ina rangi ileile. Mtu wa kiti cha mbele akagonga kioo akasema povu liko wapi. Tangu hapo Tajiri anamimina mwenyewe, mbele yao.

Daktari amenipima tena. Hakuniambia neno jipya. Alirudia yaleyale, polepole, kama unavyomwambia mtu asiyesikia.

Umeniambia nije kwako, na mama tutamtafutia sehemu. Sehemu gani, Mjomba? Mama si kabati. Mimi siwezi kutoka bila yeye, na yeye hana pa kwenda ila kwa ndugu yake wa tumbo moja, na ndugu yake anamsubiri aombe radhi kwa kusoma gazeti. Unanishauri kuhusu Tajiri, kuhusu mhariri, kuhusu taifa. Mlango ambao ungenitoa uko kwako, na wewe ndiye umeukalia.

Sikuandikii tena kuomba ushauri. Ninao wa kutosha.

Ulimi


Jumatatu, 6 Mei

Dada,

Shikamoo. Najua mwandiko wangu umeutambua juu ya bahasha na huenda umeshafikiria kuitupa. Nakuomba usome mistari michache, halafu tupa.

Mtoto wako anaumwa ini. Amekatazwa kumeza pombe tangu mwisho wa Februari. Kila Jumamosi na Jumapili anameza mbele ya watu, na katikati ya wiki vilevile, kwa sababu asipomeza ninyi wawili mnatolewa kwenye nyumba, na yeye anaamini nyonga yako na moyo wako havitahimili. Amenikataza kukwambia. Nimevunja ahadi, na hii ndiyo ahadi ya kwanza ninayoivunja bila kuwa na hoja.

Kile kioo kimewekwa kwa sababu yangu. Niliisifu bia nisiyoijua. Nilikuwa nimeanza kukuandikia ukurasa mzima wa kueleza kwa nini, ulikuwa ukurasa mzuri, nimeuchana.

Kuhusu makala ya baba, nilichoandika kilikuwa kweli, lakini hakikuwa changu peke yangu. Kilikuwa chako pia. Wewe ndiye uliyemvua viatu kila jioni. Mimi nilikuwa chumbani nasoma.

Njoo na mtoto. Nina chumba kimoja na kitanda kimoja. Kitanda ni chako na yeye. Vitabu vimejaa sakafuni, nimeanza kuviuza ili godoro lipate pa kukaa. Usinijibu kama hutaki kunijibu. Njoo tu.

Mdogo wako


Jumapili, 12 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeshavaa viatu.

Kumbe mmekuwa mkiandikiana kunihusu tangu Machi, na mimi niko chumba cha pili nasikia karatasi zinavyokwaruza. Mngeniuliza. Mtoto anadhani naipenda nyumba hii. Naichukia. Inanuka shayiri iliyochemka kutwa kucha, na huo mlango anaosema nimeuzoea unatazama makreti. Nilikaa kwa sababu nilidhani yeye anaipenda kazi. Kila jioni alirudi anacheka. Yeye anacheka ili mimi nisijue, mimi nakaa ili yeye asikose, na Tajiri anatufungia wote wawili kwa kufuli ambalo tumemnunulia sisi.

Sikumwambia kitu. Nilisubiri Jumamosi.

Nilivuka uwanja kwa fimbo. Ni mbali kwa nyonga yangu, na watu walinipisha wakidhani nimekuja kutazama kama wao. Nilimwona kwanza kupitia kioo. Wewe hujamwona, kwa hiyo nitakwambia. Amekonda mashavu, na macho yana rangi isiyo yake. Nyumbani alikuwa anakaa mbali na taa, na mimi mjinga nikadhani anapumzisha macho. Tajiri alikuwa amesimama pembeni yake anamimina, na watu wameshaanza ule wimbo wao, meza, meza. Nikazunguka nikaingia kwa mlango wa nyuma, Mpishi akanifungulia. Nikamwambia mtoto nipe hiyo glasi. Akaniambia mama, tafadhali. Nikaichukua.

Nilikuwa sijatia pombe mdomoni maisha yangu yote. Wewe ulikula kiapo cha kutokunywa ukanitangazia mimi. Mimi sikunywa tu.

Nikanywa. Nitakueleza ilivyo, kwa kuwa wewe uliiandika bila kuijua. Inanuka chungwa. Povu linakugusa mdomo kama kitambaa kibichi. Ukiimeza ni nzuri, Pilipili. Ni nzuri sana, na hilo ndilo lililonikasirisha, maana nilikuwa nimejiandaa kuichukia. Kisha uchungu ukaja kutoka nyuma ukanikaba, ukakaa, na ulipoanza kupungua nikajikuta nataka fundo la pili ili urudi. Nikaelewa baba alikuwa anafuata nini. Nikaelewa pia kwa nini alikuwa harudi kwetu, hata akiwa pale kwenye kochi. Miaka yote nilidhani anatukimbia sisi.

Nikamwambia Tajiri, "Mtoto wangu hamezi tena." Akatabasamu kwa sababu ya watu, akaniambia chini kwa chini kwamba nyumba ni ya mwonjaji na mimi nalijua hilo. Nilikuwa na ufunguo mfukoni. Nikautia ndani ya glasi, ukazama mpaka chini, nikamrudishia glasi yake mkononi.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Mtoto alilia, halafu akacheka, halafu akalia tena, na mimi sikumzuia lolote. Tulitoka kwa mlango wa nyuma. Mpishi alivua aproni akaja kutubebea vitu, sijui kama Jumatatu atairudia au la, na sikumuuliza. Tuko kwa dada wa Mpishi sasa. Leo mtoto amelala mpaka jua limepanda, na ameamka ameomba maji.

Daktari anasema ini likiachwa bila pombe linaweza kurudi hali yake, na linaweza lisirudi. Hakuahidi. Nimempenda kwa hilo.

Kwa hiyo tunakuja, lakini tusikilizane. Makala ya baba sijaisamehe. Umesema ilikuwa yangu pia, vizuri, umechelewa lakini umesema. Nitakuja nayo, na tutaizungumza tukiwa tumekaa, mimi nikianza. Baba ulimwandika vibaya kwa kunywa, mwanangu ukamwandika vizuri kwa kunywa. Kalamu yako haina mdomo, la sivyo ingeshatapika.

Na haya yote usiyaandike. Si mwezi huu, si mwakani, si kwa jina la kubuni. Ukishikwa na hamu, osha vyombo.

Lori linapita upande wako Jumatano mchana. Dereva atapiga honi. Shuka upokee godoro wewe mwenyewe. Ni zito, na mtoto hatakiwi kubeba kitu.

Dada yako